Havana, Cuba, mwezi wa tatu mpaka wa tano: mvua na vimbunga viko wapi?

Watu wengi wakiskia Karibiani wanawaza kimbunga tu, halafu sisi wa huku Dar na Mombasa tunaongezea la kwetu, kwamba Machi hadi Mei ni masika basi na huko itakuwa mvua tupu. Hapana jamani. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza rasmi Juni 1 unaisha Novemba 30, na Irma 2017 na Ian 2022, vilivyoitesa Havana, vyote viwili vilipiga Septemba.

Machi na Aprili ndo kiangazi cha kule, joto la mchana kama 27 au 28 hivi, yani unatembea Habana Vieja, mji mkongwe wa Havana, bila kulowa jasho. Mwezi wa tatu bado unaweza kukutana na upepo baridi kutoka kaskazini, bahari inachafuka mawimbi yanaruka ukuta wa Malecón, ile barabara ya ufukweni, mpaka barabarani, kwahiyo beba sweta, hata kama watakucheka. Mvua zinarudi kuanzia Mei, Juni ndo zinakolea.

Mi naona cha kuhofia miezi hii sio hali ya hewa, ni umeme na hela: gridi ya Cuba ilizima nchi nzima Oktoba 2024 na tena Machi 2025, na kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kule, so beba yuro taslimu na pawabenki.