Unga Usionaswa na Sumaku Nao Una Usumaku

Katika maabara ninayofundishia hapa Kisumu, haupiti muhula bila mwanafunzi kunijia na chupa ya unga mweupe mkono mmoja, na mkono wa pili sumaku ya spika kuukuu aliyoinunua soko la Kibuye. "Daktari, huu hauna usumaku. Nimejaribu." Unga wenyewe ni fenilifosfonati ya manganizi, mmoja wa misombo iitwayo fosfonati, ambamo metali hushikwa na vikundi vya fosforasi, oksijeni na kaboni; umeoshwa vizuri, umekauka, na hauna kasoro yoyote. Wiki iliyopita nimelisikia neno hilo kwa watu watatu, mmoja wao akiwa ameshaliandika katika rasimu ya tasnifu yake, na hapo nikaona heri niliandikie.

Dhana yenyewe ni kwamba msombo wenye chuma, kobalti au manganizi sharti unaswe kama msumari, na usiponaswa basi usumaku haumo. Msumari hunaswa kwa sababu atomu zake za chuma zimebanana, na elektroni zao hushikana kwa nguvu kiasi kwamba hata katika joto la kawaida kundi kubwa la atomu huelekea upande mmoja. Fosfonati haikujengwa hivyo. Kila ayoni (atomu yenye chaji) ya manganizi imezungukwa na oksijeni sita, tano za fosfonati na moja ya maji, na ayoni hizo hupangwa katika tabaka ambalo vikundi vya kaboni hutokeza juu na chini yake. Jirani humfikia jirani kupitia oksijeni wanayochangia, au kupitia daraja refu zaidi la oksijeni, fosforasi na oksijeni. Mawasiliano ya namna hiyo ni dhaifu, na joto la chumba huyashinda kwa urahisi. Hata hivyo, ayoni ya manganizi ina elektroni pweke (zisizo na mwenzi) 5 na nguvu ya sumaku ya takriban magnetoni 5.9 za Bohr, kipimo cha usumaku wa atomu, ambayo ni kubwa kuliko ya ayoni ya kobalti, nikeli au shaba. Usumaku umo, ni maelekeo yake tu yanayovurugwa na joto, hivyo mvuto unaobaki ni hafifu maelfu ya mara kuliko ule wa msumari, na mkono hauwezi kuuhisi.

Mizani, lakini, huuhisi. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameshauchoka, ni huu: pindua kikombe cha plastiki juu ya sahani ya mizani ya maabara, weka juu yake sumaku ndogo ya neodimiamu, kisha rudisha usomaji kwenye sifuri. Kikombe ni cha lazima, kwa kuwa sumaku ikikaribia mitambo ya mizani huvuruga usomaji. Sasa teremsha chupa ya unga wa manganizi polepole hadi ikaribie sumaku bila kuigusa, na tazama tarakimu za miligramu zikishuka chini ya sifuri, kwa maana unga unaivuta sumaku juu. Rudia kwa fosfonati ya zinki, ambayo haina elektroni pweke hata moja, na mvuto huo hutauona. Jaribio hili huchukua dakika 5, na sioni udhuru wa yeyote kuandika "hauna usumaku" kabla ya kulifanya.

Dhana hii ina pacha wake, naye hunikera karibu sawa. Mwanafunzi anaona majirani wakielekea pande zinazopingana, thamani ya Weiss (namba inayoonyesha kama majirani hukubaliana au hupingana) ikiwa hasi, anahitimisha kwamba nguvu zote zimefutana. Katika fosfonati za manganizi za tabaka, chini ya takriban 15 K (kelvini 15, baridi kali iliyo karibu na sifuri halisi) ayoni hupangika kwa kupingana kweli, ila si kwa mstari ulionyooka. Kila moja huinama kidogo, na mainamo hayo hujumlishwa, hivyo tabaka zima hubaki na usumaku mdogo wa kudumu. Wanafizikia Dzyaloshinskii na Moriya ndio waliotueleza, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwaka wa 1960, kwamba mwinamo huo huwezekana pale ambapo kati ya ayoni mbili jirani hakuna kitovu cha ulinganifu, yaani nukta ya katikati ambayo kila kitu upande wake mmoja kina mwenzake sawa upande wa pili. Ndiyo maana sikubali mtu anizungumzie usumaku wa fosfonati kabla hajanichorea muundo wake.

Kwa kobalti kuna mtego mwingine. Hesabu ya elektroni pweke 3 hutoa magnetoni 3.87, lakini ayoni iliyozungukwa na oksijeni sita kwa kawaida hupimwa kati ya 4.3 na 5.2, kwa sababu mzunguko wa elektroni nao huchangia. Msiuoshe unga upya mkidhani ni mchafu. Vilevile, zao la usikivu (kadiri unga unavyoitikia sumaku) na joto, yaani namba hizo mbili zikizidishwa, likishuka kadiri baridi inavyozidi, msikimbilie kusema majirani wanapingana, kwa maana ayoni ya kobalti iliyo peke yake hufanya vivyo hivyo.

Wapo wanaosema fosfonati ni fosfati iliyoandikwa vibaya. Katika fosfonati, kaboni imeshikana moja kwa moja na fosforasi, na kifungo hicho hakivunjwi na maji yanayochemka. Mkulima wa Bungoma anayenyunyizia magugu glaifoseti ameshika fosfonati mkononi.

Wengine huniambia kwamba Kisumu, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haiwezi kupika fuwele za fosfonati ndani ya maji kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 96. Chombo cha chuma chenye kikombe cha tefloni ndani hufungwa kabisa, na shinikizo lake halijui habari za mwinuko. Msikijaze tu kupita theluthi mbili.

Kuhusu mkia wa kaboni, yaani kile kikundi kinachotokeza nje ya tabaka, haumalizi usumaku kwa kurefuka, maana mpangilio huanzia ndani ya tabaka. Utando mwembamba wa fosfonati ya manganizi yenye mkia wa kaboni 18 hupangika kwenye 13.5 K, karibu sawa na ile ya mkia mfupi.

Na kwa wale ambao baridi yao inaishia kwenye nitrojeni ya kimiminika, 77 K: vipimo vyenu vinatosha kutoa thamani za Curie (inayotuambia nguvu ya sumaku ya ayoni) na za Weiss, na viandikeni hivyo. Kwa mpangilio unaoanza kwenye 15 K, andikeni kwamba hamjaupima.