Sodiamu Haitaki Chochote

"Sodiamu ina elektroni moja nje, kwa hivyo inataka kuitoa ili ibaki na nane, itulie." Sentensi hii nimeipigia mstari mwekundu kwenye madaftari ya Likoni, ya Majengo na ya Bamburi. Wiki hii imenifikia tena, safari hii kwa sauti ya WhatsApp, kutoka kwa mzazi anayemdurusisha mwanawe. Mzazi simlaumu, ndivyo alivyofunzwa. Lakini leo nimechoka, acheni niseme.

Sodiamu haitaki. Kuing'oa elektroni ile ya nje kutoka kwa atomu za mvuke wa sodiamu kunagharimu kilojuli 496 (kipimo cha nishati) kwa moli, yaani kwa fungu maalumu la atomu ambalo wanakemia huhesabia. Hiyo ni gharama, si mapato. Mtaniambia basi klorini ndiyo inayoitamani. Haya, klorini ikiipokea inatoa kilojuli 349. Piga hesabu: kuna deni la 147. Yaani weka atomu moja ya sodiamu huku na moja ya klorini kule, mbali mbali, na hakuna kitakachohama, hata ukizisomea kanuni ya nane, ile isemayo kila atomu hutafuta elektroni nane nje, mpaka magharibi.

Anayelipa deni ni fuwele ya chumvi, ambayo ni sodiamu na klorini. Ioni, yaani atomu zilizopoteza au kupokea elektroni zikawa na chaji, zikikaribiana na kujipanga, kila moja imezungukwa na sita zenye chaji kinyume, kilojuli 787 kwa moli hutoka. Ukitoa pia gharama ya kuigeuza metali kuwa mvuke na ya kuvunja molekuli za klorini, inabaki faida ya kama 411. Ndiyo maana chumvi ipo. Hiyo nane ni matokeo ya hesabu hii, wala si sababu yake.

Kama bado una shaka, tazama oksijeni. Elektroni ya kwanza inaipokea kwa faida ndogo, kama kilojuli 141. Ya pili lazima uisukume kwa nguvu, kwa gharama ya zaidi ya 700, kwa kuwa unaileta hasi juu ya hasi. Ioni ya oksidi iliyo peke yake katika gesi, pamoja na nane zake kamili, huitema ile elektroni. Inadumu tu ndani ya fuwele au kitu kingine kinachoishikilia. Kama nane ndiyo raha yenyewe, kwa nini iiteme?

Kinachoendesha mambo ni jinsi kiini kinavyozishika zile elektroni za nje. Sodiamu ina protoni 11, lakini elektroni 10 za ndani zinaufunika mvuto huo. Kwa makadirio ya Slater ya mwaka 1930, elektroni ya nje inahisi chaji ya 2.2 tu. Klorini ina protoni 17, na elektroni zake saba za nje haziwezi kufunikana vizuri kwa kuwa ziko ganda moja, yaani tabaka moja kuzunguka kiini, kwa hivyo kila moja inahisi 6.1. Hapo ndipo metali na isiyo metali zinapoachana. Na ukijaribu kuing'oa elektroni ya pili ya sodiamu, unaingia ganda la ndani: kilojuli 4562. Ndiyo maana sodiamu huishia kwenye chaji ya moja. Magnesiamu ni vivyo hivyo: 738, kisha 1451, kisha ghafla 7733. Haikomei mbili kwa kushiba. Ya tatu ni ghali mno.

Kushuka kundi la kwanza, safu ya sodiamu katika jedwali la elementi, nitapita mbio: ganda linaongezeka, elektroni iko mbali zaidi, gharama inapungua kutoka 520 ya lithiamu hadi 376 ya siziamu. Basi.

Nikirudi kwenye chumvi: wanaoivuna kule Marereni na Gongoni, pwani ya Kenya, hawahamishi elektroni hata moja. Ioni zilikuwa tayari baharini. Jua linaondoa maji tu. Ukiitia chumvi kwenye sufuria ya mbaazi hupati sodiamu, ile metali tunayoihifadhi ndani ya mafuta ya taa kwa kuwa ikikutana na maji huwa balaa.

Na zile gesi "zilizoshiba", zenye nane zao tayari, kama zenoni? Mwaka 1962 Neil Bartlett, akiwa Kanada, alikuwa ameona floridi ya platinamu ikinyang'anya elektroni kutoka molekuli ya oksijeni, ambako kuing'oa kunagharimu 1175. Akagundua kwamba gharama ya zenoni ni 1170, hata chini kidogo. Akajaribu, na zenoni ikaungana. Hakuuliza imeshiba au la, aliuliza bei.

Sasa yale ambayo vitabu vya shule huyafunika. Hesabu ya elektroni za valensi, yaani zile zinazotumika kuungana, yenyewe hutikisika. Heliamu ina mbili nje kama magnesiamu, na haifanani nayo kwa lolote. Manganizi huhesabiwa saba kama klorini, nayo ni metali ngumu. Lakini zikitumika zote saba, kama katika ile potasiamu pamanganeti ya zambarau ya kuoshea mboga, inaunda ioni yenye umbo lile lile la pakloreti, ioni ya klorini na oksijeni. Zinki tuihesabu mbili au kumi na mbili? Inategemea unamwuliza nani. Hata salfa katika heksafloridi, ikiwa imeungana na florini sita, tunayoichora na elektroni kumi na mbili, wanakemia wanabishana kama kweli inazishika zote, kwa kuwa florini inazivutia kwake.

Wanaoanza kemia bado nawafunza nane, kwa sababu inatabiri fomula nyingi haraka. Ila kwenye daftari langu huandiki "inataka". Andika: elektroni ya nje imeshikwa kwa unyonge, kuiondoa kunagharimu kidogo, na nishati ya fuwele inafidia. Mtahini akikukata alama, mlete kwangu.