Makala chini ya majivu

"Pasta, moto wangu umezimika."

Nimefundisha katekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, hapa Goma kwa miaka mingi, na hilo ndilo neno ninaloletewa kuliko lingine lolote. Mara nyingi anayelisema ametoka kwenye kesha. Ijumaa usiku kucha aliimba, akalia, akafunga kula. Kufika Jumatano Biblia haina ladha, na maombi yanakatwa na usingizi yakiwa bado kwenye "Baba yetu". Basi anataka nimwekee mikono, au nimwelekeze kwenye kesha lingine lenye nguvu zaidi.

Sina ugomvi na makesha. Lakini tazameni wamama wetu wanavyofanya na mbabula, jiko letu la makaa. Usiku, maharagwe yakishaiva, hawamwagii makala maji. (Msomaji wa Dar au Mombasa asidhani nataja makala ya gazeti, huku kwetu makaa ndiyo makala.) Wanayafukia majivu. Alfajiri mama anachakura kwa kijiti, anakuta kaa moja jekundu kama punje ya hindi, analiegemezea mengine mawili matatu meusi, kisha anapepea kwa kipande cha kartoni. Anapepea mpaka mkono unachoka. Kwa muda mrefu kinachotoka ni moshi mtupu, na macho yanamchoza.

Ndiyo picha iliyo katika 2 Timotheo 1:6. Biblia ya Union inasema "uichochee karama ya Mungu", na kitenzi cha Kigiriki pale kimeunganishwa kwa vipande vitatu: tena, hai, moto. Paulo hamgombezi Timotheo kwa kupoa, wala hamwambii angoje mpaka ajisikie. Anampa kazi ya mkono. Sisi wahubiri tumezoea kuwaambia watu kwamba hamu ikija, nidhamu itaifuata. Miaka yangu yote ya kazi nimeona kinyume. Hamu ni mgeni anayefika watu wameshaanza kula.

Jambo hili si la leo. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi jangwani Misri na kufa mwaka 399, aliueleza uchovu huu wa roho akauita pepo wa adhuhuri. Mtawa aliyepatwa nao anaona jua limekwama na siku ina saa hamsini. Anachungulia dirishani kama kuna ndugu anayekuja, anaanza kuchukia mahali alipo na kazi anayoifanya. Nikiwasomea hayo vijana wanacheka, maana dirisha lao linakaa mfukoni na lina WhatsApp. Dawa ya Evagrius ilikuwa kutokimbia chumba, na kujisemesha kwa maneno ya Zaburi 42: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Nusu moja ya mtu inaifariji nusu nyingine.

Kabla ya hayo yote, lakini, mimi huuliza: unalala saa ngapi? Umekula? Watu wanashangaa, walitarajia nianze na dhambi. Someni 1 Wafalme 19. Eliya amelala chini ya mretemu anaomba kufa, na malaika hamhubirii. Anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamletea tena. Safari ya siku arobaini kwenda Horebu inakuja baadaye.

Hilo nilijifunza kwa mwili wangu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, nilikimbilia Sake na familia. Tuliporudi nilihubiri kama kawaida, na ndani nilikuwa mkavu kabisa. Sikuweza kuomba dakika mbili. Shemasi mmoja mzee alilitambua bila kuambiwa. Akawa anapita kwangu saa kumi na mbili asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anasoma zaburi moja, anafunga kitabu, anasema "Haya, Pasta", anaondoka. Hakunishauri chochote. Siku ya Zaburi 88, ile inayomalizikia gizani bila hata "Haleluya", nililia kwa mara ya kwanza tangu mlipuko. Tangu hapo simpi mtu mpango wa kusoma Biblia bila kumpa na mtu wa kusoma naye. Kaa la moto ukilitenga pembeni peke yake, unajua litakavyokuwa.

Na mpango wenyewe uwe mdogo mpaka uone aibu kuutaja, ufungwe kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku. Kijana mmoja motari, anayebeba abiria kwa pikipiki, aliniambia hana muda. Tukatafuta pamoja, tukaupata: asubuhi, kule Birere, akingoja mteja wa kwanza. Kaske (kofia yake ya pikipiki) gotini, injini imezimwa, mistari michache ya Marko, basi. Mteja akija katikati ya sentensi, anaweka alama kwa kidole na kuondoka. Jioni anamtumia mwenzake sauti fupi kumwambia alichosoma. Majuma sita ya kwanza aliniambia hasikii chochote. Nikamjibu apepee tu.

Sasa yuko sura ya 9, kwa yule baba mwenye mtoto mgonjwa anayelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Amekaa kwenye mstari huo juma la pili, na sijamhimiza asonge mbele.