Mgogoro wa usafirishaji katika mnada wa mtandaoni: maana yake na unavyoamuliwa

Mgogoro wa usafirishaji ni mvutano unaozuka kati ya mnunuzi na muuzaji baada ya mnada kufungwa na fedha kulipwa: mzigo haufiki, unafika umevunjika, au ndani ya boksi kuna kitu kingine kabisa. Bei haibishaniwi tena, maana mnada ulishaimaliza. Kinachobishaniwa ni safari, na swali lenyewe ni hili: wakati kifurushi kiko mikononi mwa posta au kampuni ya kusafirisha, hasara ni ya nani?

Sheria ya zamani ilimwelemea mnunuzi. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya 1893, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zimefuata nyayo zake, ilihesabu kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, kwa kawaida ni kama amemkabidhi mnunuzi mwenyewe. Meli ikizama, imemzamia mnunuzi. Uingereza yenyewe imeshageuza mambo kwa mlaji anayenunua kwa mfanyabiashara: chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, hasara ya njiani hubaki kwa mfanyabiashara mpaka mlaji aushike mzigo. Tatizo ni kwamba muuzaji wa mnadani mara nyingi si mfanyabiashara. Ni mtu tu anayeondoa kamera ya zamani kabatini.

Ndiyo maana majukwaa ya mnada yalilazimika kujitungia kanuni. eBay, iliyoanzishwa California na Pierre Omidyar mwaka 1995, mwanzoni iliwaachia watu wamalizane wenyewe na kuachiana alama za sifa. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Massachusetts, chini ya profesa wake Ethan Katsh, kilifanya jaribio la kusuluhisha wateja wa eBay kwa barua pepe, na mashauri takriban 200 yakaingia kwa muda mfupi. Baadaye kazi hiyo ikachukuliwa na kampuni ya SquareTrade, kisha eBay ikajenga mfumo wake wa ndani. Colin Rule, aliyeuongoza kwa miaka kadhaa, ametaja mashauri milioni 60 kwa mwaka, mengi yakiisha bila binadamu kuyagusa.

Na hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaandika malalamiko marefu yenye uchungu, wanaapa, wanamwita mwenzao mwizi. Mfumo hausomi uchungu. Unatazama rekodi.

Chini ya kanuni ya sasa ya eBay, muuzaji anabeba hasara mpaka rekodi ya msafirishaji ionyeshe mzigo umefika kwenye anwani iliyo kwenye oda. Mnunuzi ana siku 30 tangu tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika kufungua shauri. Muuzaji anapewa siku 3 za kazi kulimaliza: atoe namba ya ufuatiliaji, atume kingine, au arudishe fedha. Akinyamaza, au wasipoelewana, mnunuzi anaiomba eBay iingilie na kuamua. Kwa oda ya kuanzia dola 750, rekodi ya kufika peke yake haimtoshi muuzaji. Lazima kuwe na saini ya aliyepokea.

Kwa hiyo ile kauli ya wauzaji, "nilituma, risiti ya posta ninayo," haina uzito. Risiti inathibitisha kwamba kitu kiliondoka. Shauri linahusu kufika. Kauli nyingine iliyozoeleka ni "hukulipia bima, kwa hiyo imekula kwako." Nayo haisimami, kwa sababu bima ni kinga ya muuzaji: ndiye aliyetuma, na kwa kawaida ndiye anayemdai msafirishaji fidia. Mnunuzi hana haja ya kusubiri miezi wawili hao wamalizane.

Namba ya ufuatiliaji ya posta inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwa mizigo ya kimataifa huwa na herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi ilikotumwa: GB kwa Uingereza, JP kwa Japani, KE kwa Kenya, TZ kwa Tanzania. Ikianza na R ni rejista, ikianza na E ni EMS, yaani huduma ya haraka ya posta. Muuzaji anayedai ametuma kwa posta kutoka Japani halafu namba inaishia na nchi nyingine ana maelezo ya kutoa.

Pia kuna ujanja wa kuitumia rekodi hiyohiyo kama silaha. Tuseme umenunua kompyuta mpakato. Muuzaji tapeli anatuma bahasha yenye karatasi kwenye nyumba nyingine ndani ya msimbo uleule wa posta, na rekodi inasoma "imefika." Jukwaa likiona hivyo linampa ushindi. Dawa yake ni kwenda kwa msafirishaji mwenyewe na kuomba maandishi yanayoonyesha anwani kamili na uzito uliopimwa. Kompyuta ya kilo 2 haiwezi kusafiri ikiwa na gramu 40. Karatasi hiyo moja inaweza kugeuza shauri, wakati barua kumi za kulalamika hazikusaidii kitu.

Mzigo uliofika umevunjika, au ukiwa mbuzi kwenye gunia, unaingia fungu jingine: "hailingani na maelezo." Hapa picha ndizo shahidi, na si picha ya chombo kilichopasuka tu. Piga boksi kabla ya kulifungua, lebo yake, kona iliyobonyea, na namna kitu kilivyofungashwa ndani. Usitupe chochote. Mara nyingi unatakiwa kuurudisha mzigo ndipo ulipwe, na kwa madai ya aina hii gharama ya kurudisha huangukia kwa muuzaji.

Sasa tuje kwetu, maana kanuni hizi zina tundu linalotuhusu sana. Wauzaji wengi wa Marekani hawatumi Afrika Mashariki, kwa hiyo mnunuzi wa Mwanza au Nakuru anatumia anwani ya wakala wa mizigo, mara nyingi katika jimbo la Delaware ambako hakuna kodi ya mauzo. Mzigo unafika ghalani kwa wakala, rekodi inasoma "imefika," na kwa hesabu ya eBay safari imekwisha. Kinga yake haifuati mzigo unaopelekwa mbele kwenye anwani nyingine. Mzigo ukipotea kati ya Delaware na Dar es Salaam, muuzaji hayumo tena. Unadaiana na wakala, kwa masharti ya wakala, na masharti hayo watu huyasoma siku mzigo umeshapotea. Hali ni tofauti pale mzigo unapopitia mpango wa eBay wenyewe wa kutuma nje, ulioanza 2022, kwa sababu kituo cha kati ni sehemu ya mpango huo.

Anayelazimika kutumia wakala amtake aufungue mzigo ghalani, aupime na kutuma picha siku ileile unapopokelewa. Kama ni mbovu au si wenyewe, hapo umeujua mapema, kabla haujaongezewa nauli ya ndege. Wapo mawakala wanaotoza huduma hiyo pembeni. Kwa kitu cha dola 20 sioni haja. Kwa cha dola 400 ningelipa.

Kuna pia ombi ambalo wanunuzi wetu hupenda kumpa muuzaji: aandike "zawadi, dola 10" ili ushuru wa forodha uwe mdogo. Mbali na kwamba ni udanganyifu, mzigo huo ukipotea msafirishaji anakuwa na karatasi inayosema ulikuwa wa dola 10, na fidia atakayokubali kujadili itaanzia hapo.

Njia ya mwisho ni ya malipo. PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, inaruhusu kufungua mgogoro ndani ya siku 180 tangu kulipa, kisha una siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi. Zikipita, unajifunga wenyewe na haufunguliwi tena. Muuzaji anayekwambia "funga kwanza shauri, halafu nakurudishia pesa" anaijua kanuni hiyo vizuri. Mjibu kwa upole kwamba utafunga fedha ikishaingia. Aliyelipa kwa kadi anaweza pia kuiomba benki yake iyapinge malipo, ila hawezi kuyaendesha yote kwa pamoja: benki ikishaanza, jukwaa kwa kawaida hulifunga shauri lake na kusubiri uamuzi wa benki.