Umelipia nembo, lakini je, ni mali yako?

Aprili 26 Watanzania tunaadhimisha Muungano wa mwaka 1964. Siku hiyohiyo dunia huadhimisha Siku ya Miliki Ubunifu, yaani haki za watu juu ya kazi za akili zao, kwa kuwa Aprili 26, 1970 ndipo ulipoanza kutumika mkataba ulioanzisha Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO. Kesho yake, Aprili 27, ni Siku ya Kimataifa ya Ubunifu, inayokumbuka kuundwa kwa baraza la vyama vya wabunifu wa michoro jijini London mwaka 1963. Ndiyo maana kila mwisho wa Aprili kunakuwa na makongamano, maonesho na mijadala ya chapa. Sisi wataalamu wa miliki ubunifu hualikwa kuzungumza, na tunafurahi kualikwa. Lakini mijadala hiyo huishia kwenye rangi, herufi na mitindo ya mwaka, na saa inapofika ya kuzungumzia karatasi za umiliki, watu wameshasimama kwenda kwenye chai. Makala hii ni ya hizo karatasi.

Niseme mapema ninachotaka kila mfanyabiashara na kila dizaina akielewe: kumlipa mtu aliyekuchorea nembo ni jambo moja, na kuwa mmiliki wa nembo hiyo ni jambo jingine. Katikati yake kuna hatua ambayo wengi wetu tunairuka.

Mwaka mmoja, kwenye Maonesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, alikuja bandani kwetu mama anayesindika viungo, siagi ya karanga na sabuni za mwani. Akamwaga mezani vifungashio vyake vyote, vizuri, vya kuvutia, kila kimoja na nembo ya kinu na jani. Akatoa na cheti. "Mimi nimeshasajili," akasema, "sasa kuna mtu huko Mbagala anauza pilipili kwa kinu changu." Tulipokisoma cheti chake, kilikuwa cha jina la biashara. Kinu hakikuwamo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Cheti cha jina la biashara kinachotolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, kinasema nani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakikupi umiliki wa mchoro, wala hakimzuii mwingine kuweka mchoro huo kwenye bidhaa yake. Kinachofanya kazi hiyo ni usajili wa alama ya biashara, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Ofisi ni ileile, BRELA, ila daftari ni jingine, na siku hizi maombi yote hupita kwenye mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao.

Alama husajiliwa kwa tabaka la bidhaa au huduma. Mgawanyo unaotumika kimataifa una matabaka 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Viungo na unga viko tabaka la 30. Siagi ya karanga iko la 29, sabuni la 3, nguo la 25, juisi la 32, na huduma za mgahawa la 43. Kwa hiyo yule mama, pamoja na kwamba nembo yake ni moja, alihitaji kuombea matabaka matatu. Hakuna ulazima wa kuyaomba yote siku moja. Anza na bidhaa inayokuingizia fedha, nyingine zifuate kadiri mfuko unavyoruhusu, ila usisajili tabaka moja ukadhani umefunika duka zima.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la alama, na kwa siku 60 mtu yeyote anayeona anaingiliwa anaweza kuweka pingamizi. Pasipo pingamizi, cheti hutoka na kulinda alama kwa miaka 7 ya mwanzo. Ukihuisha unapata miaka 10, na unaweza kuhuisha tena na tena bila kikomo. Ile herufi R ndani ya duara ambayo mafundi wa lebo hupenda kuiweka ili ipendeze, isubiri cheti. Kuiweka kabla ni kuwaambia wateja jambo lisilo kweli.

Sasa tuje kwa kijana aliyemchorea yule mama kinu, maana yeye ndiye anayesahauliwa.

Mchoro wa nembo ni kazi ya sanaa, na hakimiliki yake huanza pale tu mchoro unapokuwapo, bila kusajiliwa popote. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtu wa kwanza mwenye haki hiyo ni aliyebuni, na ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sasa tuseme wewe na dizaina wako mmefanya kazi kwa mazungumzo ya WhatsApp, ukatuma fedha kwa simu, naye akakutumia picha ya JPG. Umepata matumizi, lakini swali la nani mwenye haki ya mchoro limebaki wazi, na litaulizwa siku biashara imekua: unataka kuuza kampuni, au mwekezaji anataka kuona nyaraka, au dizaina amesikia unauza hadi Lubumbashi na anaona alilipwa kidogo. Wakati huo kila mmoja ana kumbukumbu yake ya mlichokubaliana.

Jirani zetu Kenya wameliweka hili ndani ya sheria yao ya mwaka 2001. Kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki zake zimehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo. Vijana wa Arusha na Moshi wanaochorea wateja wa Nairobi walijue hilo kabla hawajaanza kazi. Na popote ulipo, usiiachie sheria ikujibie swali ambalo ukurasa mmoja wa makubaliano ungelimaliza.

Mfano unaoniuma zaidi uko kwenye kila hati ya serikali tunayoshika. Mwaka 2017 waandishi wa habari walimkuta Buguruni, Dar es Salaam, mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, akiwa mgonjwa na katika hali ya umaskini. Kwa miaka mingi alikuwa ametajwa kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa, ile ya bibi na bwana, ngao na mlima Kilimanjaro. Nchi ilishtuka, akapelekwa hospitali, akafariki Muhimbili mwezi Mei mwaka huohuo. Hapohapo mjadala ukafufuka, kwa kuwa wapo wanaomtaja mtu mwingine, Jeremiah Kabati wa Mwanza, kuwa ndiye mbunifu. Sitaki kuamua kati yao. Ninachokiona mimi kama mtu wa fani hii ni kwamba mchoro unaojulikana kuliko wote nchini umebaki na mabishano juu ya mkono uliouchora, na wazee wenyewe hawapo tena kutueleza. Kama hilo limetokea kwa nembo ya nchi, nembo ya saluni yako ina ulinzi gani?

Huko Marekani, mwaka 1971, mwanafunzi Carolyn Davidson wa Portland alichora ile alama ya Nike kwa malipo ya dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa na pete yenye almasi. Watu huisimulia kama habari ya bahati njema, nami namfurahia kwa dhati, lakini dizaina wetu wasiijengee mategemeo. Ile ilikuwa hiari ya tajiri. Anayetaka kupata zaidi nembo ikikua aliseme siku ya makubaliano, liandikwe.

Pwani yetu ina mfano wa zamani wa kulinda jina sokoni. Chukua kanga ya Mombasa ya Kaderdina Hajee Essak uitandaze. Kuna pindo, kuna mji, yaani sehemu ya katikati, kuna jina lenye ujumbe, na pembeni utakuta maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Nyumba hiyo ya biashara ilianza mwaka 1887, na akina mama wamekuwa wakitafuta maandishi hayo kabla hawajatoa fedha, kwa sababu yanawaambia kitambaa kimetoka kwa nani. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya biashara tangu zamani, na mtindo ule wa herufi zake zilizojitenga na maneno mengine ya kanga ni ubunifu ambao shule za usanifu wa michoro zingepaswa kuufundisha. Sisi tunafundisha nembo za Ulaya na kuacha zilizomo makabatini mwa bibi zetu.

Kuhusu maneno yetu kuchukuliwa na wengine, hofu ni kubwa kuliko maarifa. Mwaka 2018 mtandaoni palizuka ghadhabu kwamba Disney imesajili "Hakuna Matata", na zaidi ya watu 50,000 wakatia saini ombi la kuitaka iachane na alama hiyo. Ni kweli kampuni hiyo iliomba usajili nchini Marekani mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu yake ya The Lion King, na ikasajiliwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana. Lakini usajili wa alama una mipaka ya nchi na ya bidhaa. Haumzuii mtu wa Malindi kusema, kuimba au kuandika maneno hayo ukutani kwake. Kinachobaki ni suala la heshima, na hapo nakubaliana kabisa na walioghadhibika: usemi wa watu wote haupaswi kuwa mali ya fulana za mtu mmoja. Dawa yake ni pingamizi linalowekwa mapema. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili huko neno "kikoy", Wakenya na marafiki zao waliweka pingamizi, na ombi halikufika mwisho.

Kuna hatari nyingine mpya, na inawapata vijana wenye bidii. Wengi sasa hutengeneza nembo kwa Canva. Programu ni nzuri, naipenda, lakini masharti yake hayaruhusu michoro yake ya akiba, ile ya simba, jani au kikombe cha kahawa, kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Kuna watu wengine wasiohesabika wanaotumia simba huyohuyo. Unaweza kutumia herufi na maumbo ya kawaida, mistari na duara, ukaunda chako. Kwa picha zinazotengenezwa na akili bandia, mahakama za Marekani zimeshasema kwamba kazi isiyo na mkono wa binadamu haina hakimiliki. Anayekuuzia nembo ya namna hiyo anakuuzia kitu ambacho huenda hata yeye si mmiliki wake.

Na kabla ya kuzindua, tafuta. Julai 2015 Tokyo ilitangaza nembo ya michezo ya Olimpiki ya 2020 iliyochorwa na Kenjiro Sano. Mbunifu wa Ubelgiji, Olivier Debie, akalalamika kwamba inafanana na nembo aliyolichorea jumba la maigizo la Liège. Sano alikana kunakili, lakini Septemba 1 waandaaji wakaiondoa, na Aprili 2016 ikachaguliwa nyingine ya Asao Tokolo. Kama waandaaji wa Olimpiki walilazimika kuvua nembo hadharani, wewe mwenye mabango mawili na gari moja usione tabu kulipia upekuzi wa daftari la alama kabla ya kuchapa.

Nina neno pia kwa taasisi zinazotangaza mashindano ya kubuni nembo, maana kila msimu wa maonesho yanaongezeka. Sharti la kwamba kazi zote zilizowasilishwa zitakuwa mali ya mwandaaji si la haki, na liondolewe. Mshindi mmoja analipwa, wengine wote wanaporwa usiku wao wa kazi. Chukueni haki za nembo mliyoilipia, zilizobaki ziwe za wenyewe, na jina la mshindi lihifadhiwe kwenye kumbukumbu za taasisi pamoja na michoro yake ya awali. Tusizalishe akina Ngosha wengine.

Tukirudi kwenye Aprili 26, kuna jambo linalowashangaza wengi: alama za biashara si jambo la Muungano. Cheti cha BRELA kinafanya kazi Tanzania Bara. Ukiuza viungo Darajani, unahitaji usajili wa Zanzibar kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, chini ya sheria ya Zanzibar ya mwaka 2008. Ukivuka Namanga, ni Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ambako usajili ni wa miaka 10. Na usijaribu kuweka bendera au nembo ya taifa ndani ya nembo yako popote pale, ombi litarudi.

Kwa ile karatasi ya makubaliano niliyoitaja, haihitaji lugha nzito. Andikeni majina yenu kamili na tarehe. Dizaina atamke kwamba kazi ni yake, hajaichukua kwa mtu wala kwenye akiba ya programu. Atamke amepokea kiasi gani, na kwamba kwa malipo hayo anamhamishia mteja haki za kiuchumi za nembo, yaani za kuitumia na kupata fedha kutokana nayo, katika nchi zipi na kwa muda gani. Mteja naye akubali kumtambua kuwa mbunifu, na kumruhusu aioneshe nembo kati ya kazi zake. Wekeni na sharti la kukabidhi faili la kazi linaloweza kuhaririwa, la vekta, yaani lisiloharibika likikuzwa, kwa sababu nembo iliyopita WhatsApp mara kadhaa ikikuzwa kwenye bango la mita sita hupasuka, na hapo ndipo mchapaji huichora upya kwa kukisia na kinu kikageuka kikombe. Chini ya maneno hayo bandikeni nembo yenyewe kwa rangi zake, tieni saini kwenye ukurasa huohuo mbele ya shahidi, na kila mmoja aondoke na nakala yake.