Hapana, Kroshia Haifumwi kwa Mashine

"Mbona ghali hivyo, na siku hizi mashine inafuma hizi kwa dakika tano?" Naambiwa hivyo na mabibi harusi wanaotaka mtandio, na akina mama wanaotaka seti ya vitambaa vya makochi, hata na vijana waliokuja kuulizia kofia. Wengi wanalisema kwa nia njema kabisa. Lakini si kweli, na kwa kuwa uongo huu ndio unaoshusha bei ya kazi zetu kuliko jambo jingine lolote, nitaujibu kwa kirefu.

Hakuna kiwanda kinachotoa nguo za kroshia kwa mashine. Sababu iko kwenye mshono wenyewe.

Anayefuma sweta kwa sindano mbili anashikilia vitanzi vya safu nzima kwa pamoja. Kama ni themanini, vyote themanini viko wazi juu ya sindano, vimepangwa sawasawa, vinangoja zamu. Mpangilio wa namna hiyo mashine inaumudu, tena tangu zamani: Mwingereza William Lee aliunda mtambo wa kufuma soksi mwaka 1589. Mashine za masweta ya shule zilizopo mijini kwetu zinafuata njia ileile, kila kitanzi na kisindano chake. Fundi akisukuma mkono wa mashine kutoka upande huu hadi ule, safu imekwisha.

Kroshia haina safu inayongoja. Kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu, kile kilichomo kwenye sindano. Kinamalizwa, ndipo kinaanzwa kingine. Na ili kukimaliza, ile ncha iliyopinda lazima ipenye ndani ya kazi iliyokwisha kufumwa: hapa inapita chini ya nyuzi mbili za juu ya mshono, pale inachukua uzi wa nyuma peke yake, mbele kidogo inaingia kwenye tundu, au inazunguka mguu wa mshono wa safu ya chini. Wakati huohuo vidole vya mkono wa pili vinakaza na kulegeza uzi, vinaishika kazi na kuifungua kidogo ili ncha ipite. Jicho linaona tundu lilipo, mkono unalifuata. Mashine za viwandani hutaka uzi uwe mahali palepale kila mara, na kwenye kroshia haukai mahali palepale. Watafiti, wakiwemo wa Ujerumani, wameunda mashine za majaribio zinazoweza kufuma vipande vya mishono ya msingi. Huko maabara ndiko kazi hiyo ilikofika. Gauni ulilonalo halikutoka huko.

Basi zile za madukani ni nini? Baadhi ni lesi nyembamba za kupamba pindo, zinazotoka kwenye mitambo ambayo viwanda vyenyewe huiita mashine za kroshia. Jina hilo limewapotosha wengi. Mitambo ile inafuma kwa nyuzi nyingi zinazoshuka sambamba na kushikana ubavuni, ufumaji wa jamii ya sweta. Nyingine ni lesi nzito ya kukata kwa mita, yenye maua yaliyojaa, ambayo wateja wengi huniletea kama ushahidi. Ile imedariziwa. Mashine inadarizi maua juu ya kitambaa cha kupotea, kisha kitambaa kinayeyushwa na kubaki nyuzi tupu. Ufundi huo ulianza Ulaya miaka ya 1880, na mojawapo ya kazi ulizoziiga ni kroshia ya Ireland.

Na zipo za tatu. Blauzi au kikoi cha ufukweni ambacho ni kroshia ya kweli, kimeanikwa dukani kwa bei ya kutupa. Hicho kimefumwa na mtu kwa mkono wake, mshono mmoja baada ya mwingine, kama ninavyofuma mimi. Ukikuta bei iko chini sana, usiishangilie mashine. Jiulize yule aliyekifuma alilipwa nini, kwa saa zote alizokaa.

Unataka kupima? Geuza kazi upande wa nyuma, utafute ncha ya uzi iliyofichwa, uifungue taratibu. Kroshia itafumuka mshono mmoja mmoja kwa foleni, kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa uzi uleule mmoja hadi uzi ulipobadilishwa. Lesi ya kudarizi haifumuki hivyo. Inatoa vinyweleo na vipande. Nawasihi wanaonunua kwa ajili ya kuuza tena wajizoeze kupima hivi kabla ya kutoa pesa.

Lipo jambo linalofuatana na hili: watu kudhani kroshia na kufuma sweta ni kitu kimoja. Kiswahili kinatumia kufuma kwa vyote viwili, hata kwa kusuka nguo mtamboni, kwa hiyo sishangai. Ila kazi ni mbili. Sweta hutumia sindano mbili, linavutika, na kitanzi kikikatika linatiririka kama soksi iliyochanika. Kroshia hutumia sindano moja yenye ncha ya ndoano, ni nene zaidi, haivutiki sana, na inakula uzi mwingi zaidi kwa eneo lilelile. Mteja anayetaka fulana ya kubana mwili kwa kroshia ya uzi mnene, nitamshauri aende kwa mfuma masweta.

Jina, nalo. Wapo wanaoniambia kwa uhakika kwamba kazi hii ilitoka nchi ya Kroatia, kwa kuwa majina yanakaribiana kwa sauti. Hayahusiani. Ni neno la Kifaransa, *crochet*, yaani ndoano ndogo, na kazi imeitwa kwa chombo chake. Wahindi nao husema kroshiya, neno lilelile.

Wengine wanaipeleka mbali zaidi, hadi Misri ya kale au kwenye mapazia ya Hema katika kitabu cha Kutoka. Mapazia yale yalitiwa taraza, na taraza ni darizi. Zipo kweli soksi nyekundu za sufu zilizochimbuliwa Oxyrhynchus, Misri, zinazohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, za karne ya 3 hadi ya 5 hivi. Zinafanana na kazi yetu kwa mbali, ila zilitengenezwa kwa sindano ya tundu, uzi mzima ukivutwa kupita kila kitanzi. Ruwaza za kroshia, yaani maelekezo ya kufuma, zilizochapishwa zinaanza kuonekana kwenye jarida la Kiholanzi *Penélopé* katika miaka ya 1820. Umri wa miaka mia mbili hauipunguzii heshima.

Anayesema ni kazi ya bibi wasio na shughuli, namwelekeza Ireland. Njaa kuu ya viazi ilipoanza mwaka 1845, watawa wa Ursuline huko Cork na, mwaka 1847, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa mji wa Clones, walifundisha kroshia kwa familia zilizokuwa zinakufa njaa, kwa sababu ilifanana na lesi ya thamani na ilifumwa haraka kuliko lesi ya sindano. Watu walinunua chakula kwa pesa hizo. Na mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwanahisabati Daina Taimina alifuma kwa kroshia umbo la jiometria ambalo mifano yake ya karatasi ilikuwa ikichanika. Aliongeza mshono kila baada ya idadi maalumu ya mishono, safu baada ya safu, na kitambaa kikajikunja chenyewe kwa mawimbi.

La mwisho ni kwa wanafunzi: "Ruwaza ya mtandaoni ni mbovu, nimeifuata na nguo imetoka ndefu mno." Ruwaza si mbovu. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. "Double crochet" ya Uingereza ni mshono mfupi. Ya Marekani ni mrefu karibu mara mbili. Kabla hujashika uzi, pitia ruwaza yote ukitafuta maneno "single crochet". Ukiyaona, ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Kisha fuma kipande cha majaribio cha sentimita kumi kwa kumi, ukifue, ukikaushe, ndipo ukipime. Wanaoruka hatua hiyo ndio ninaowaona wakifumua mgongo mzima wa gauni.