Betri za lipo: unayoyasikia uwanjani na ukweli wa kuzihifadhi nyumbani

Tuseme ukweli, wengi wetu tunaorusha droni za FPV (zile unazorusha ukiona kupitia kamera yake) au kuchezea ndege na magari ya rimoti tunalala chumba kimoja na betri zetu. Chumba cha kupanga, dirisha lina nondo, mlango mmoja, na betri ziko kwenye boksi la viatu uvunguni pamoja na propela na skrubu. Simlaumu mtu, nafasi ndo hiyo hiyo, ila naumia nikisikia vijana wanaoingia kwenye huu mchezo wanafundishwa vitu vinavyoweza kuwaunguzia nyumba, tena na watu wanaowaheshimu. Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, hata ukiiweka kabatini kemia ya ndani inaendelea usiku na mchana, na vinavyoamua itaendelea kwa upole au vibaya ni viwili, volti uliyoiacha nayo na joto la pale ulipoiweka. Dhana nyingi za hapa chini zinatokana na kusahau hilo tu.

"Weka ikiwa fulu, siku ya kurusha unabeba unaondoka"

Hii ndo inaua betri nyingi kimyakimya. Seli moja ya lipo ikijaa inasoma volti 4.20, na ikikaa hapo wiki na wiki elektrolaiti inaanza kuharibika, inatoa gesi, na gesi haina pa kwenda maana pakiti yenyewe ni mfuko laini wa foili uliozibwa pande zote, ndo unakuta betri imevimba wakati hata hujairusha. Ukinzani wa ndani nao unapanda, siku ya kuruka droni inakosa nguvu ukisukuma throto, unasema umeuziwa feki kumbe betri imechokea kabatini. Joto linaharakisha yote hayo, sasa fikiria Dar mwezi wa pili, nyumba ya bati haina silingi.

Volti ya kuhifadhia ni 3.80 mpaka 3.85 kwa kila seli. Kwa 3S, yaani pakiti ya seli tatu zilizounganishwa kwa mfuatano, hiyo ni kama 11.4 hadi 11.5, 4S ni 15.2 hadi 15.4, na 6S ni karibu 23. Chaja nyingi za hobi zina modi ya storeji, unachomeka plagi kubwa na ile ndogo ya balansi (inayosoma na kusawazisha seli moja moja), unachagua storeji, yenyewe inapandisha au inashusha mpaka ifike. Kushusha kunachukua muda kweli maana chaja ndogo zina uwezo mdogo wa kumwaga umeme, usichoke ukachomoa katikati.

Tatizo linakuja sana masika. Ijumaa usiku mtu kachaji pakiti zote, Jumamosi mvua, Jumapili mvua, wiki inayofuata kazi, betri zinakaa na 4.20 mwezi mzima na yeye kashasahau. Mi nashika hivi, kama sirushi ndani ya siku mbili tatu zinarudi storeji, hata kama najua nitazichaji tena. Waliotoka kwenye droni za DJI ndo wanapotea zaidi hapa, zile betri zina saketi ndani, zikikaa siku kadhaa zinajipunguza zenyewe, mtu anadhani lipo ya kawaida nayo itajipunguza. Haijipunguzi hivyo, ni kazi yako.

"Basi imalize kabisa, ikiwa tupu haina madhara"

Hii imetoka kwenye betri za zamani za nikeli-kadimiamu, zile zilizokuwa zinashauriwa kumalizwa kabla ya kuchaji. Lipo haina tabia hiyo. Ukiiacha chini ya volti 3.0 kwa seli unaiumiza, na ikishuka mbali zaidi ya hapo shaba iliyoko ndani inaanza kuyeyukia kwenye elektrolaiti, alafu ukija kuchaji ile shaba inaganda mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha pande mbili za seli. Hapo umejitengenezea shoti ndani ya betri, na hakuna swichi ya kuizima.

Ndo maana siungi mkono kabisa ile mbinu ya "kuiamsha". Chaja inagoma kwa sababu volti iko chini sana, mtu anaidanganya, anaweka modi ya NiMH (ya betri za nikeli) dakika kadhaa mpaka volti ipande alafu anarudi modi ya lipo. Ile chaja iligoma kwa sababu ya msingi. Betri kweli inaweza kuonekana imepona, ukairusha hata mara kadhaa, na bado ukawa hujui ndani kuna nini.

Mara nyingi betri haimalizwi kwa makusudi. Kuna kile king'ora kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye plagi ya balansi, kinalia seli zikishuka, kizuri sana ukiwa hewani, ila kikisahaulika pale pale baada ya kutua kinaendelea kunyonya umeme na mara nyingi kinanyonya kutoka seli moja au mbili tu. Au betri imeachwa imechomekwa kwenye droni usiku kucha. Kwahiyo kila mwezi pima. Usiangalie jumla peke yake, angalia seli moja moja, mfano 4S iliyokuwa storeji ukakuta 3.84, 3.84, 3.83 na ya mwisho 3.61, jumla inaleta 15.12 ambayo ukiitazama haraka inaonekana sawa tu, kumbe seli ya nne inavuja na hiyo pakiti si ya kuaminika tena hata balansi ikiirudisha juu.

"Weka kwenye friji"

Ubaridi kweli unapunguza kasi ya kuharibika, ila friji ya nyumbani inaleta unyevu, ukitoa betri inapata matone ya maji kwenye plagi, na ukiikimbiza kwenye chaja ikiwa baridi ya chini ya sifuri lithiamu inaganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani, madhara yake hayarudi nyuma. Na chakula kipo mule, watoto wanafungua. Sehemu kavu yenye kivuli na hewa inatosha. Kibaya zaidi ni buti au dashibodi ya gari lililopaki juani, pale usiache betri hata kidogo.

"Haijachomekwa popote, haiwezi kuwaka"

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuanza kwenye mizigo iliyokuwa na maelfu ya betri za lithiamu, marubani wote wawili wakafa. Zile betri zilikuwa mizigo tu. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilizuia betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama kago kwenye ndege za abiria.

Kwa upande wetu hatari kubwa ni betri iliyogonga. Droni imedondoka kwenye zege, pakiti imebonyea kona, inasoma volti vizuri, unairudisha kwenye begi. Seli iliyobonyea inaweza kukaa kimya alafu ikaanza kupata moto baadaye, kwahiyo ikishagonga iache nje, juu ya sakafu tupu, mbali na vitu, uiangalie, usiingize ndani siku hiyo. Nyingine ni vyuma vidogo. Plagi kubwa ya XT60, upande wa betri, imefichwa vizuri ila waya uliochubuka au plagi ya balansi ikikutana na funguo kwenye droo ni cheche. Na mnaobadilisha plagi, kateni waya mmoja kwanza, uzibwe na tepu, ndo mwende wa pili.

"Nina mfuko wa lipo, nimemaliza"

Hapa naomba tusomane vizuri maana watu wanautegemea ule mfuko kupita uwezo wake. Unapunguza ukali wa moto na kuzuia cheche, lakini moshi unatoka wote na moshi wa hizi betri una sumu, ikiwemo haidrojeni floraidi, na ukijaza pakiti sita kwenye mfuko mmoja, moja ikiwaka inapika zile tano.

Kilicho bora ni kuuweka mfuko ndani ya kitu kigumu kisichoungua. Boksi la chuma la kuwekea risasi za bunduki ni zuri ila lazima utoe ile raba ya kifuniko, maana likibana kabisa gesi inakosa njia na boksi lenyewe linageuka bomu. Asiye na boksi atumie matofali ya bloku yenye matundu, pakiti moja kila tundu, juu kigae, au chungu kikubwa cha udongo na kifuniko kisichobana. Gharama ni ndogo kuliko betri moja.

Alafu mahali. Usiweke kati ya kitanda na mlango. Narudia kwa wenye dirisha la nondo, moto ukianzia kwenye njia pekee ya kutokea hujabaki na njia. Kama kuna kibaraza au stoo yenye kivuli weka huko, mbali na mapazia, godoro na mtungi wa gesi. Na chaji ukiwa macho, sio umelala.

"Imevimba kidogo, itoboe itoe hewa" na "itumbukize kwenye maji ya chumvi"

Usitoboe, kamwe. Gesi ile inashika moto, na sindano yako inaweza kugusisha tabaka za ndani. Iweke juu ya meza, ikinesa kama ina mgongo basi imestaafu. Maji ya chumvi nayo yanakula plagi na ncha za waya kabla umeme haujaisha, unatoa betri unadhani imekufa kumbe ina chaji. Kama haijatoboka, ipeleke nje, imalize taratibu kwa balbu ya gari ya volti 12 ikiwa ni 3S, kwa 6S unganisha balbu mbili kwa mfuatano, mpaka mita isome karibu na sifuri, ziba ncha na tepu. Usitupe jalalani wala usichome na takataka. Nairobi kuna WEEE Centre, Rwanda kuna Enviroserve kule Bugesera, kwengine ulizia wanaokusanya taka za kielektroniki.

"Moto wa lithiamu ukiumwagia maji unalipuka"

Hiyo ni kwa lithiamu tupu, yaani metali yenyewe, na lipo iliyo salama karibu haina hiyo. Maji mengi ndo yanayopoza seli za jirani zisiwake, mchanga unafunika miali ila haupozi. Kata umeme wa chaja kwanza. Ila kama moshi umeshajaa chumba usibaki kupambana, toa watu, funga mlango, piga simu. Tanzania Zimamoto ni 114, na ukipiga waambie mapema kinachoungua ni betri za lithiamu na ziko ngapi.